‘Kwa hiyo?’ ya kalamu nyekundu inanifuata hadi usingizini

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Gongo la Mboto na nafanya kazi kitengo cha uhasibu kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha huku Kurasini. Safu yako naisoma siku nyingi. Nilipoona umeandika kwamba kabla ya kuwa mshauri ulikaa ofisi za hesabu na ukawahi kufundisha wanafunzi wa jioni, nikasema basi, huyu ndiye wa kumweleza.

Natafuta CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu. Nimebakiza masomo mawili ngazi ya mwisho, ukaguzi na taarifa za fedha, na hayo mawili nimeshayafanya mara tatu: Novemba, Mei, tena Novemba. Mara zote naanguka kwa alama chache. Sisemi kwa kujitetea, lakini nasoma. Naamka saa tisa usiku, nasoma mpaka saa kumi na moja, kisha nawaandaa watoto, nagombania daladala. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza IAS 37, ile kanuni ya kimataifa ya hesabu kuhusu madeni yasiyo na uhakika wa kiasi au muda, inataka nini kabla kampuni haijaweka deni la namna hiyo vitabuni, nitakutajia yote matatu: wajibu uliotokana na jambo lililokwishatokea, uwezekano mkubwa wa kulipa, na kiasi kinachoweza kukadiriwa.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa tuisheni alitupa mtihani wa majaribio. Aliponirudishia karatasi yangu, sikuona makosa mengi. Niliona neno moja, limeandikwa kwa kalamu nyekundu mwisho wa karibu kila jibu: “Kwa hiyo?” Nilizihesabu kwenye daladala. Zilikuwa 11.

Swali moja nikutajie. Kampuni ina bidhaa ghalani, nyingine zimeharibika kwa maji, lakini uongozi umeziacha vitabuni kwa bei ya kununulia. Thamani imezidishwa kwa Sh milioni 120. Faida ya mwaka ni Sh milioni 300, mali zote Sh bilioni 2.4. Uongozi unagoma kurekebisha. Mkaguzi afanyeje? Nilipiga hesabu vizuri: asilimia 40 ya faida, asilimia 5 ya mali. Nikasema kosa ni kubwa kiasi cha kumpotosha msomaji. Nikaeleza aina zote za maoni ya mkaguzi, moja baada ya nyingine, ukurasa mzima na nusu. Halafu nikamaliza hivi: “Mkaguzi anapaswa kuzingatia athari za jambo hili kwenye maoni yake.” Mama, jibu nilikuwa nalijua. Lilikuwa kichwani. Mkono ndio uliokataa.

Najua ulipoanzia ugonjwa huu, au nadhani najua. Miaka minne iliyopita bosi alinipa kazi ya kupitia wadaiwa wote. Kuna mteja mmoja alikuwa hajalipa zaidi ya mwaka. Mwisho wa ripoti niliandika: “Mteja huyu hatalipa. Deni lifutwe.” Kwenye kikao bosi aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaniangalia, akasema, “Wewe ni nani mpaka useme hatalipa?” Watu wakacheka. Baadaye nikaja kujua mteja yule ni rafiki yake wa karibu. Tangu siku hiyo ripoti zangu zote zinaishia na “inashauriwa kufuatilia kwa karibu.” Na nyumbani nilikolelewa nako, mtoto wa kike hasemi neno la mwisho mbele ya wakubwa. Baba alikuwa mkali kwa hilo.

Sasa wenzangu wa diskasheni wananiambia tatizo ni dogo, nikariri tu. Wana desa lenye miisho 20 iliyoandikwa tayari, ya ukaguzi, ya kodi, ya uwekezaji, unachagua inayofanana na swali unabandika. Mmoja wetu amefaulu nayo. Mume wangu yeye anasema nipumzike mwaka mmoja. Hasemi kwa ubaya. Anasema ada, vitabu na tuisheni za miaka hii tungezijumlisha, kiwanja cha Chanika tungekuwa tumeshamaliza kukilipia. Pesa ya awamu hii nategemea kuitoa kwenye kikoba.

Usajili wa Novemba unakaribia. Nikariri miisho? Nipumzike? Au nikubali kwamba mtu anayeogopa kuhitimisha hakuumbiwa kuwa mkaguzi?

Ni mimi, Mwenye Mkono Mzito, Gongo la Mboto

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kama enzi nasahihisha. Nitakuambia nilichokiona, na wewe uniambie kama nimekosea.

Kama nimekuelewa, una mambo matatu yamefungwa kwenye kanga moja. Kuna mtihani, ambao unadhani unakushinda kwa sababu humalizii majibu. Kuna kidonda cha kazini, ambacho unadhani ndicho kimekufunga mkono. Na kuna nyumba, mume, kiwanja na kikoba, ambavyo vinakuuliza mpaka lini. Umeyaleta yote kama swali moja, ndiyo maana ni zito kulibeba. Tuyafungue.

Tuanze na lile linaloonekana limeshajibiwa: kwamba unaanguka kwa sababu ya mahitimisho. Una uhakika? Mwalimu wako ameona karatasi yako ya majaribio, lakini zile za awamu tatu za Bodi ya wahasibu, NBAA, hajaziona, na wewe hukuziona zikisahihishwa. Kwenye mitihani ya taaluma yetu, sentensi ya mwisho peke yake hubeba alama moja, mbili zikizidi. Alama nyingi zipo katikati, pale unapochukua kanuni na kuishikiza kwenye mambo ya swali. Kwa hiyo ukiniambia unaanguka kwa alama chache na hitimisho ndilo tatizo pekee, mimi naangalia katikati kwanza.

Tazama swali lako la bidhaa zilizolowa. Karatasi ya alama 100 kwa saa tatu inakupa dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 10 ni dakika 18, basi. Wewe ulitumia ukurasa mmoja na nusu kueleza aina zote za maoni, wakati ulishajua ni moja tu inayohusika. Kwa nini? Mimi nadhani zile nyingine tatu zilikuwa pazia. Ukizitaja zote hakuna atakayesema umekosea, kwa sababu zote zipo kwenye kitabu. Lakini mtahini hakukuuliza kitabu kinasemaje. Amekupa kosa la Sh milioni 120 ambalo liko sehemu moja tu ya hesabu, kwenye bidhaa na faida yake. Ni kubwa, hilo umelithibitisha, lakini halijasambaa kiasi cha kuziharibu hesabu zote. Kwa ISA 705, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kuhusu maoni ya namna hii, hapo kuna njia moja: hati yenye shaka, yaani hesabu zinaonyesha hali halisi isipokuwa kwa jambo hilo la bidhaa. Nusu ukurasa ungetosha. Dakika zilizobaki zingekwenda kwenye swali la mwisho, ambalo nakisia ulilifanya mbio mbio, au hukulimaliza. Nimekosea?

Kwa maana hiyo ile “Kwa hiyo?” ya mwalimu imeandikwa mwishoni, lakini inaulizia jibu zima. Mtu anayejua anakokwenda habebi mizigo ya safari nyingine.

Na hapo hapo nikuonyeshe kitu ambacho wewe hukukiona. Uliandika kwamba asilimia 40 ya faida ni kosa kubwa kiasi cha kumpotosha msomaji. Hilo ni hitimisho, mwanangu! Tena ni la kiukaguzi hasa, limetoka kwenye hesabu yako mwenyewe, na mkono haukutetemeka. Nimepitia barua yako nikaona kila panapohusu namba unaamua bila taabu. Unakwama pale uamuzi unapokwenda kumgusa mtu: uongozi uliogoma, mteja, bosi, mwenye kampuni. Unaniambia unaogopa kuhitimisha. Mimi nasoma barua ya mtu anayeogopa uso wa anayeambiwa. Naomba uliangalie hilo polepole, kwa sababu dawa zake haziwi moja.

Sasa kile kikao. Kwanza, pole. Kumsomea mtu sentensi yake mbele ya wenzake ili acheke kila mtu ni vibaya, na sitatafuta njia ya kumsafisha bosi wako. Lakini nikuombe tuichukue sentensi yenyewe, tuitoe kwenye kicheko kile, tuiweke mezani kama wahasibu wawili. “Mteja huyu hatalipa. Deni lifutwe.” Hakuna aliyejua kwamba hatalipa, hata wewe. Ulichokuwa nacho ni ushahidi: deni la zaidi ya mwaka, labda na simu zisizopokelewa. IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya hesabu iliyoanza kutumika 2018, haikutaki utabiri wala haikutaki usubiri mpaka deni life ndipo useme. Inakutaka ukadirie hasara inayotarajiwa na kuitengea, na kufuta kabisa kunakuja pale ambapo hakuna tena tegemeo la maana la kupata kitu. Ni hatua mbili tofauti. Laiti ungeandika, “Deni lina zaidi ya mwaka, barua zetu hazijajibiwa, hakuna dhamana, kwa hiyo tutenge hasara ya deni lote mwaka huu na tuendelee kudai,” bosi angeweza kununa, lakini swali lake la “wewe ni nani” lisingekuwa na pa kukaa. Sentensi inasimama kwa ushahidi wake. Haiulizi cheo cha aliyeiandika.

Sikulaumu. Ulikuwa mdogo kazini na hukuwa na mtu wa kukupitia ripoti kabla haijafika kikaoni. Nasema hivi kwa sababu nahofia umejifunza somo lisilo lako. Ulitoka pale ukiamini kuhitimisha ni hatari. Huenda hatari ilikuwa kuhitimisha kwa kimo kilichozidi ushahidi, na hiyo inarekebishika. Tangu hapo umekwenda upande wa pili kabisa, “inashauriwa kufuatilia kwa karibu”, ambayo ni pungufu ya ushahidi ulionao. Zote mbili hazijakaa sawa na kilichopo kwenye faili.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tumelibeba tangu shuleni bila kujua. Tulifundishwa insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na hitimisho maana yake ni kurudia kwa ufupi uliyosema. “Kwa kumalizia, tumeona kwamba…” Tukapewa alama, tukaizoea. Kwenye karatasi ya taaluma, kurudia hakukupi kitu, maana hoja ile ile hailipwi mara mbili. Anayesoma amewekwa kwenye nafasi ya mkurugenzi au mwenye duka aliyekuja kwako na shida. Akifika mstari wa mwisho anataka ajue kesho asubuhi akifungua ofisi afanye nini.

Chukua ile IAS 37 unayoijua usingizini. Mteja aliumia kwenye jengo la kampuni mwezi wa 11, amefungua kesi, wakili anasema uwezekano wa kushindwa ni asilimia 60 na ikitokea hivyo watalipa Sh milioni 40. Ukimaliza na “kampuni ifuate masharti ya IAS 37,” umemrudisha mtu kwenye kitabu alichokimbia. Ukiandika, “Kampuni iweke deni la Sh milioni 40 kwenye hesabu za 31 Desemba, kwa kuwa ajali ilitokea kabla ya mwaka kuisha, kulipa kuna uwezekano kuliko kutolipa, na wakili ametoa kiasi,” amepata alichokijia. Zimeingia zile sababu zako tatu, zimebanwa kwenye pumzi moja.

Na mtihani wenyewe unaandikwa kwa Kiingereza. Hili watu hawalisemi sana, lakini mimi nimeliona kwa wanafunzi wengi: kwa Kiswahili mtu anakuambia wazi, “Dada, hii mashine msinunue, itawatia hasara.” Akishika kalamu aandike kwa Kiingereza, anajificha kwenye maneno marefu ya kuzingatia na kufikiria, kwa sababu maneno hayo yanaonekana ya kisomi. Jaribu siku moja kulisema hitimisho kwanza kwa Kiswahili, kwa mdomo, kama unamjibu jirani aliyekuuliza dirishani. Ukishalisikia, ndipo ulihamishe. Wengine huliona zoezi hili linawachelewesha mwanzoni, na ni kweli linachelewesha. Wewe ndiye utakayejua kama linakufaa.

Najua kuna woga mwingine unaowashika watu pale mwishoni: “Je, kama hesabu yangu ya juu nimekosea?” Wasahihishaji wa mitihani ya namna hii huwa wanafuata namba ya mtahiniwa mwenyewe. Kama ulikosea kidogo ukapata NPV, yaani thamani ya leo ya faida ya mradi, hasi badala ya chanya, ukashauri mradi uachwe kwa sababu hiyo, alama ya hesabu umeipoteza lakini ya ushauri unaweza kuipata, maana umefuata ulichokipata. Anayekosa zote mbili ni yule aliyenyamaza.

Wala usiende kumalizia kila kitu kwa nguvu. Swali likikuambia taja au eleza, taja, eleza, songa mbele. Likikuambia shauri, tathmini, pendekeza, hapo kuna mtu anangoja. Na pale ambapo habari hazijatimia, hitimisho linaruhusiwa kuwa na “kama”. “Kama uongozi utarekebisha, hati itakuwa safi kuhusu jambo hili, ukikataa, itakuwa yenye shaka.” Umeacha njia mbili, lakini kila njia ina mwisho wake.

Turudi kwenye lile desa la wenzako. Silidharau, maana mtu amefaulu nalo, na kwa mtu ambaye mkono unaganda, kuwa na maneno ya kuanzia ni nafuu ya kweli. Unachohatarisha ni hiki: sentensi inayofaa maswali 20 huwa haina jina la kampuni, haina kiasi, haina sababu ya swali lile. Msomaji aliyepitia mamia ya karatasi anaitambua kwa mstari mmoja. ACCA, chama cha wahasibu chenye makao Uingereza, hutoa ripoti za watahini baada ya mitihani yao, na lalamiko la majibu ya jumla yasiyogusa habari za swali linajirudia humo mwaka hadi mwaka. Hatari ya pili inakuhusu wewe zaidi: desa linaweza likawa pazia jipya badala ya lile la ukurasa mmoja na nusu. Kati ya kukariri sentensi na kutokariri chochote kuna nafasi. Kuna wanaokariri maswali tu: nani afanye nini, kiasi gani, kwa sababu ipi, na asipofanya itakuwaje. Hayo ukijiuliza kwa kila jibu, sentensi utaitunga mwenyewe kwa habari zilizo mbele yako. Hata hilo lina kasoro yake, linaweza kukufanya uandike kama roboti ukichoka. Ujipime.

Kuhusu kupumzika. Nilipenda ulivyosema mumeo hasemi kwa ubaya. Mtu anayekuona ukiamka saa tisa usiku kwa miaka, kisha akuone siku ya matokeo, naye ana lake moyoni, na huenda kiwanja cha Chanika ni namna yake ya kusema nimechoka kukuona unaumia. Umemuuliza? Pumziko lenye tarehe ya kurudi ni jambo moja. Pumziko lisilo na tarehe, nimeona watu wakirudi baada ya miaka saba, na wengine hawakurudi. Viwango navyo havisubiri: IFRS 18, kanuni mpya ya kupanga taarifa za fedha inayochukua nafasi ya IAS 1, inaanza kwa mihula ya mwaka inayoanzia 1 Januari 2027, na mtu wa taarifa za fedha aliyeondoka kidogo atakuta mpangilio mzima wa taarifa ya faida na hasara umebadilika. Kwa upande mwingine, kuingia Novemba ukiwa umechoka, na mkono ule ule, nako ni kununua matokeo yale yale kwa pesa mpya. Na hiyo pesa ya kikoba, ni akiba yako au ni mkopo? Kama ni mkopo wenye riba, wewe ni mhasibu, kaa na mwenzako muuandike kwenye karatasi pamoja na muda wa kuulipa, muuone kwa macho yenu wawili. Ipo pia njia ya kufanya somo moja na kuacha jingine, ikiwa taratibu za Bodi kwa hali yako zinaruhusu. Kaulize kabla hujakata tamaa.

Umeniuliza mwishoni kama mtu anayeogopa kuhitimisha aliumbiwa kuwa mkaguzi. Swali hili limenikaa rohoni kuliko yote.

Kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikishafika bungeni, mtaani watu wasiojua debiti wala krediti wanasema halmashauri fulani imepata hati safi, ile nyingine imepata yenye shaka. Maelfu ya vocha, miezi ya kazi, safari za vijijini, vyote vimeishia kwenye maneno mawili ambayo mwananchi anaweza kuyabeba. Bodi yetu ilianzishwa kwa sheria ya 1972 ili saini ya mhasibu iwe kitu ambacho asiyejua hesabu anaweza kukiegemea. Hicho ndicho unachofanyia mazoezi kila unapoandika mstari wa mwisho wa jibu, kumpa mtu kitu cha kuegemea. Kwa hiyo woga wako sishangai. Uzito unaouhisi upo kweli, na mimi ningemhofia zaidi mtu asiyeuhisi.

Lakini kuna kitu ambacho pengine hukuambiwa. Mkaguzi haahidi uhakika kamili. ISA 200 inamtaka afikie uhakika wa kiwango cha juu, na inakubali wazi kwamba hauwezi kuwa wa asilimia 100. Tena hafikii peke yake. Kazi yake inapitiwa na aliye juu yake, na penye utata anatakiwa kuuliza wenye ujuzi kabla ya kusaini. Yule binti wa miaka minne iliyopita alisimama peke yake kwenye kikao na sentensi ambayo hakuna aliyempitishia. Ukaguzi ukifanywa inavyotakiwa haukuachi hivyo. Na neno la mwisho la mkaguzi halimvunjii mkubwa heshima, maana mkubwa mwenyewe ndiye aliyemwita aje aseme. Baba yako nadhani angelielewa hilo. Wazee wetu nao walikuwa na mtu waliyemwita kupima shamba au kusuluhisha urithi, na hakuna aliyemwambia hana adabu alipotamka mpaka uko wapi.

Kama utaamua Novemba, au kama utaamua kupumzika, kuna jambo dogo ningependa ulifanye wiki hii, haligharimu kitu. Chukua ile karatasi yenye “Kwa hiyo?” 11. Jioni watoto wakilala, kaa na mumeo. Funika jibu lote kwa daftari, uache mistari miwili ya mwisho tu, uitafsiri kwa Kiswahili, kisha umuulize: “Ungekuwa ndiyo mwenye hii kampuni, kesho ungefanya nini?” Yeye si mhasibu, na hilo ndilo linalomfanya afae. Akikujibu sijui, muelezee kwa mdomo. Yale maneno utakayomwambia, yaandike hapo hapo chini ya kalamu nyekundu, kabla hujayasafisha. Nadhani atakuwa ameona pia ni kitu gani umekuwa ukikiamkia saa tisa usiku, na mazungumzo ya kiwanja yatakuwa mepesi kidogo baada ya hapo.

Niandikie mlichoongea. Nitaisubiri barua yako, ukiwa umejisajili au hukujisajili.

Mama Mshauri